Kilele cha nanomita 440: kukagua data za mng'ao wa fuwele kutoka sinkrotroni

Nimeandika haya baada ya kukaa na kijana wa Ujiji aliyetumiwa data za mng'ao wa fuwele ya bariamu floridi zilizopimwa Hamburg, kwenye kituo cha P66 cha PETRA III, sinkrotroni, yaani mtambo unaozungusha elektroni kwa kasi kubwa ili zitoe mwanga. Mtambo uko Ujerumani. Uchambuzi unafanyika hapa hapa Kigoma, kwenye laptopu ya kawaida.

1. Fungua faili kwa Python. Excel siipendekezi kabisa, maana baadhi ya namba huzigeuza tarehe bila kukuuliza.

2. Gawanya 1239.84 kwa urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita, upate nishati kwa eV (elektrovolti).

3. Saka vilele vya uongo. Hapa usiharakishe. Fuwele hii hung'aa penye nanomita 220 na penye 310. Kijana wangu alikuwa na kilele cha tatu, 440, na alishaanza kukiandikia maelezo. Sasa zidisha 220 kwa mbili. Gretingi (bamba lenye mistari myembamba) ya monokromata, kifaa kinachotenga mwanga kwa urefu wa wimbi, hupitisha mwanga wa 220 mahali pa 440 pia, na wa 310 hutokea tena 620.

Dawa ni kichujio mbele ya monokromata ya kupokelea mwanga wa fuwele. Kioo cha kawaida huzuia 220, lakini 310 huweza kupenya kiasi, kwa hiyo cha 620 hakikuachi. Dai kichujio kinachokata kila kitu chini ya 400.

Kama vipimo vimeshafanyika bila kichujio, kagua hivi. Kivuli, yaani kilele cha uongo, huwa na upana maradufu wa kilele halisi, ukipima kwa nanomita. Hufifia kwa kasi ileile: mng'ao wa 220 huisha chini ya nanosekunde moja. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni uchochezi, yaani mwanga unaopigwa kwenye fuwele ili ing'ae: 220 huwaka pale tu nishati ya mwanga huo inapofika karibu eV 18. Shusha hadi 12. 440 ikizimika pamoja na 220, ifute kwenye ripoti. Ikibaki, chunguza uchafu ndani ya fuwele.

4. Gawanya spektra ya uchochezi (grafu ya mng'ao dhidi ya nishati ya mwanga unaochochea) kwa ile ya sodiamu salisilati, kemikali ya kulinganishia, iliyopimwa siku hiyohiyo.

5. Mng'ao wa 310 hudumu takriban nanosekunde 600, na PETRA III ikizungusha mafungu 40 ya elektroni, mapigo ya mwanga hupishana nanosekunde 192. Mwanga wa pigo lililotangulia haujaisha, lingine limefika. Basi usiutoe ule msingi ulioinuka kwenye grafu ukidhani ni kelele za kifaa. Ni mng'ao wenyewe.