Kujikinga na Homa ya Mafua Katika Nyumba za Lamu

Kusi likishika na mvua za masika zikianza, watu wengi wa Lamu huulaumu upepo kwa mafua yanayofuata. Upepo hauna kosa hilo. Homa ya mafua husababishwa na virusi vya influenza, hasa vya aina ya A na B, ambavyo hutoka kwa mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza, na mvua huvisaidia tu kwa kuwa hutufungia ndani na kutufanya tufunge madirisha. Kwa vile tuko karibu na ikweta, homa hii haina msimu mmoja kama ilivyo Ulaya, hivyo tahadhari isiachwe kaskazi linaporudi.

Mafua ya kawaida huanza taratibu kwa kamasi na koo kuwasha. Homa ya mafua humwangusha mtu ghafla: asubuhi yuko kazini, jioni ana homa kali, kichwa na viungo vinamuuma, kikohozi ni kikavu na nguvu zimemwishia. Dalili hutokea siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, lakini mtu huweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, na huendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya hapo. Kwa sababu hiyo, kumtenga mgonjwa hakutoshi peke yake. Mazoea ya kila siku ndiyo yanayotukinga.

Mwenye kupiga chafya afunike pua na mdomo kwa leso au kwa kiwiko, na adabu hii si ngeni kwetu, kwani Mtume mwenyewe alikuwa akifunika uso wake anapopiga chafya. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20, hasa baada ya kushuka kwenye boti la Mokowe, gati ya upande wa bara, ambamo abiria hukaa bega kwa bega na kushika mbao zile zile. Barazani, vikombe vya kahawa ambavyo huchovywa tu kwenye ndoo moja na kupewa mtu mwingine vioshwe kwa sabuni na maji safi, na mwenye kikohozi aombe udhuru siku hizo.

Kumzuru mgonjwa ni jambo jema, ila salamu za mlangoni zinatosha, na watoto wasipelekwe. Mgonjwa alale peke yake, si katika chandarua kimoja na wadogo zake, na awe chumba chenye dirisha lililo wazi. Anayemuuguza avae barakoa. Bibi mzee, mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, na mwenye pumu, kisukari au selimundu wasiwe ndio wauguzi, maana hao ndio homa hii huwageukia kuwa nimonia.

Chanjo ipo, nayo hutolewa kuanzia umri wa miezi 6. Hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika, na mwili huhitaji takriban wiki 2 kujenga kinga, hivyo anayekusudia kwenda Hijja aulizie hospitali mapema.

Wengi hupona kwa kupumzika, kunywa maji kwa wingi na kutumia parasetamoli. Uji na chai ya tangawizi humliwaza mgonjwa ingawa haviui virusi. Antibiotiki nazo haziviui, basi zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha, na mtoto asipewe aspirini kamwe. Dawa za kupambana na virusi vyenyewe zipo kwa walio hatarini, na hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Mgonjwa anayehema kwa shida, anayeumwa kifua, aliyechanganyikiwa, au ambaye homa yake ilishuka kisha ikarudi kwa nguvu, apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke. Walioko Pate na Faza waamue mapema zaidi, kwa kuwa safari yao ni ya baharini.