Kidonda cha sehemu za siri chenye asili ya utumbo: namna ya kumweleza daktari

Naishi na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo. Kwangu, shavu moja la uke lilivimba kabla tumbo halijaanza kunisumbua. Nikatibiwa magonjwa ya zinaa. Vipimo vinarudi safi, dawa zinaongezwa. Hakuna aliyeniuliza habari za choo.

Basi jikague mwenyewe, kwa kioo na mwanga wa kutosha. Tafuta uvimbe wa upande mmoja, au michaniko mirefu myembamba kwenye mikunjo ya kinena, kana kwamba umechanjwa kwa wembe. Crohn inaweza kutokea kwenye ngozi iliyo mbali kabisa na utumbo. Malengelenge, kaswende na kifua kikuu cha ngozi navyo huleta vidonda huko, kwa hiyo usikatae kupimwa.

Upepo au kinyesi kikipitia ukeni, sema hivyo hivyo. “Natokwa na uchafu” haitoshi, madaktari wanalisikia kutwa. Wewe unaeleza dalili ya fistula, yaani njia iliyotoboka kati ya uke na utumbo, na picha ya MRI ya nyonga husaidia kuonyesha inakopita.

Ukifika kliniki, taja utumbo kwanza: unaharisha tangu lini, damu ipo au haipo, uzito umepungua kiasi gani. Kisha uliza kama kinyama kidogo kinaweza kukatwa na kupelekwa maabara. Wakikuta granuloma, yaani vifundo vidogo vya seli za kinga, na kifua kikuu kikaondolewa kwenye hesabu, Crohn inapata uzito. Kama hujawahi kuchunguzwa utumbo, omba rufaa hapo hapo.

Mguuni nako Crohn inaweza kuleta mambo mawili. Vinundu vyekundu vinavyouma kwenye miundi mara nyingi hutulia utumbo ukitulia. Pyoderma gangrenosum ni balaa jingine: kipele kinageuka kidonda chenye kingo za zambarau, maumivu makali kuliko ukubwa wake. Ukisikia “tukisafishe kwa kukikata”, mtaje daktari wako wa utumbo kabla kisu hakijagusa, maana kukatwa kunaweza kukipanua. Jipu la kweli karibu na njia ya haja kubwa, lenye homa na maumivu ya kupwita, ni kinyume chake: hilo litolewe usaha haraka, usisubiri miadi.

Dawa huwa steroidi, metronidazoli, azathioprini au infliximabu, kwa uamuzi wa daktari. Ukiandikiwa methotreksati, sema mapema kama una mimba au unaitafuta, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni.