Linda tundu unapotoa ribiti ya zamani

Ndege ndogo ya Cessna 180 tunayoitunza hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, iliundwa mwaka 1956. Ikitua kwenye viwanja vya murram, magurudumu ya mbele hurusha kokoto zinazogonga tumbo lake karibu na mkia. Safari hii nilikuta bati limebonyea, na ufa mfupi umeanzia kwenye tundu la ribiti, ile pini fupi ya chuma inayounganisha mabati. Nakuonyesha nilivyofanya. Vipimo vya ndege yako vichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji, na kazi lazima ikaguliwe na kusainiwa na injinia mwenye leseni.

Vijana hukimbilia kupiga ribiti mpya, lakini ugumu uko kwenye kutoa ile ya zamani. Tundu likishapanuka au likawa umbo la yai, halirudi tena. Utalazimika kuhamia ribiti kubwa zaidi, na huenda ukingo wa bati hauna nafasi ya kuibeba.

Kichwa chenye kishimo kidogo katikati ni cha ribiti aina ya AD, ya aloi ya aluminiamu. Weka ncha ya drili hapo hapo. Tundu la ribiti ya inchi 1/8 hutobolewa kwa drili namba 30, ila kichwa mimi nakitoboa kwa namba 32, iliyo nyembamba zaidi, kina cha kichwa tu, basi. Ingiza panchi kwenye kitobo, ilaze kidogo pembeni, kichwa kitabanduka. Kisha kinga bati kwa nyuma na kipande cha mbao kilichotobolewa, ugonge shina taratibu litoke. Ukigonga bila kukinga, bati litabonyea, utakuwa umejiongezea kazi.

Sehemu yenye ufa niliikata yote, pembe nikazizungusha. Bati la zamani nililipima kwa maikromita: inchi 0.032, basi kiraka nikakikata kwenye aluminiamu ya 2024-T3 ya unene huo huo. Chora kwa kalamu ya wino. Penseli huacha kaboni inayoleta kutu, na mkwaruzo wa msumari huzaa ufa mwingine. Umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni usipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti, yaani inchi 1/4 kwa hii.

Shikilia kiraka kwa kleko, vibanio vya muda vinavyoingia kwenye matundu, zile za rangi ya shaba, toboa, halafu kifungue tena. Wengi huruka hatua hii. Vumbi la drili likibaki kati ya mabati mawili, hayatakaa sawasawa. Safisha, ondoa makali ya kila tundu, paka primer ya zinki kromati, rangi ya kuzuia kutu, pande zinazogusana.

Urefu wa ribiti ni unene wa mabati yote mawili pamoja na kipenyo kimoja na nusu. Hapa ilikuja inchi 1/4.

Kupiga ni kazi ya watu wawili, masikio yamezibwa. Mimi hushika bunduki ya ribiti, nyundo inayoendeshwa kwa upepo. Mwanafunzi wangu huingiza mkono kupitia kidirisha cha ukaguzi na kukinga kwa kipande cha chuma kizito. Hatusikiani, kwa hiyo anagonga bati. Mara moja: ongeza. Mara mbili: safi, kichwa cha ndani kinachoundwa kwa kupigwa kimefika upana wa inchi 3/16 na kimo cha 1/16. Mara tatu: kimelala upande, na hapo naweka bunduki chini, naitafuta tena drili namba 32.