Namna ya Kupanga Virutubisho Lishe Unavyomeza

Hatua ya kwanza: andika kwenye karatasi kila unachomeza, zikiwemo dawa za hospitali, habasoda, unga wa mlonge na ile chupa ya vitamini aliyoileta shemeji kutoka Muscat, kisha mwoneshe mfamasia. Hapa dukani Chake Chake huwa naiuliza habasoda kwa jina, kwani wengi hawaihesabu kuwa dawa, ilhali mgonjwa wa kisukari akiichanganya na vidonge vyake sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, naye asianze vitamini K bila daktari wake kujua.

Hatua ya pili: soma lebo. Kidonge cha feras salfeti, yaani cha kuongeza damu, cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 tu za madini ya chuma yenyewe, kwa hiyo usilinganishe chupa mbili kwa tarakimu kubwa iliyoandikwa mbele. Mjamzito ajumlishe retinoli, yaani vitamini A, ya vidonge vyake vyote isizidi yuniti 10,000 kwa siku, kwa sababu ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo huwashinda wengi, ni kupanga saa. Vidonge vya kuongeza damu havipatani na chai, hata ile ya rangi isiyo na maziwa, kwa kuwa tanini hulishika chuma lisifyonzwe. Vimeze kwa maji au juisi ya machungwa, na chai isubiri saa mbili. Kalsiamu nayo itenge na chuma kwa saa mbili. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubana, lakini inawezekana: chuma baada ya tarawehe, futari ikiwa imeshashuka, na kalsiamu pamoja na daku. Choo kugeuka cheusi kwa anayemeza chuma ni kawaida; kikiwa cha kunata kama lami, au ukipata kizunguzungu, nenda hospitali. Mwenye selimundu asipewe vidonge hivi kabla ya kupimwa kiwango cha chuma, hasa aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi.

Hatua ya nne: funga chupa kabatini, mbali na watoto. Mtoto akimeza vidonge vya chuma, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe hata kama kutapika kumekoma, kwa sababu sumu hiyo inaweza kutulia kwa saa kadhaa huku ikiendelea kuliharibu ini.