Kulenga preridogi kutoka mbali: upepo kwanza, bunduki baadaye

Preridogi ni wa jamii ya kindi, mchimbaji wa mashimo kwenye nyika za Marekani, kutoka Montana na South Dakota kushuka hadi Texas. Akisimama wima mlangoni pa shimo, upana wake hauzidi kiganja. Kumpata kwa mita 300 kunataka utulivu kuliko nguvu.

Hatua ya 1: Sheria na ardhi
Anayewindwa zaidi ni mwenye mkia mweusi. Wa Utah analindwa na sheria ya shirikisho, usimguse. South Dakota hufunga uwindaji wake kwenye ardhi za umma kuanzia 1 Machi hadi 14 Juni, msimu wa watoto, na Conata Basin hairuhusiwi kabisa: humo wanaishi vicheche wenye miguu myeusi, na chakula chao ni preridogi. Kanuni hubadilika, kwa hiyo zisome kila mwaka unapokata leseni. Kwenye ardhi ya mfugaji, bisha hodi kwanza.

Hatua ya 2: Bunduki
Kwa aina ya risasi, .223 Remington inatosha. .22-250 ina kasi zaidi, lakini huchakaza mtutu upesi. Chukua mtutu mnene na uijaribu kwa mita 100: ikitawanya risasi kwa sentimita 3, kwa mita 300 zitakuwa 9, yaani mwili mzima wa mnyama. Tafuta nusu ya hapo. Mimi napendelea risasi za shaba, maana tai na vipanga hula mizoga, na vipande vya madini ya risasi huwaua.

Hatua ya 3: Egemeo na darubini
Hapa usibane pesa. Meza ya kubebeka, mfuko wa mchanga mbele na mwingine chini ya kitako cha bunduki, darubini inayokuza hadi mara 20 hivi, na kipima umbali cha leza.

Hatua ya 4: Soma upepo
Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza risasi ya .223 yenye uzito wa greni 50 (gramu 3 hivi) kwa takriban sentimita 30 ukiwa mita 300. Hiyo ni mara tatu ya upana wa mnyama! Kwa hiyo usitazame nyasi za miguuni pako tu. Tazama za katikati ya njia na za pale alipo mnyama. Jua likipanda, mazigazi (mtetemo wa hewa ya moto) ndani ya darubini ni msaada: yakikimbilia kulia, upepo unaenda kulia, yakichemka kwenda juu, umetulia au unakujia usoni. Upepo ukipungua nusu, punguza nusu ya masahihisho, yaani kiasi unacholenga pembeni kufidia upepo. Ukikosa, vumbi litakuonyesha risasi ilipotua. Sahihisha kutoka hapo, na haraka, kabla upepo haujageuka.

Hatua ya 5: Kabla ya kufyatua
Hakikisha nyuma yake kuna udongo, si mstari wa mbingu. Angalia pia kama ni preridogi kweli: bundi wadogo hukaa kwenye mashimo hayohayo, nao wanalindwa. Mtutu ukipata moto, acha chemba (sehemu risasi inapokaa) wazi upoe. Vaa kinga za masikio.

Mizoga usiishike. Viroboto wa preridogi wanaweza kubeba tauni. Ikibidi kuiondoa, tumia koleo.