Kabla hujakabidhi barua ya kuacha kazi: zile siku 28 utazikaaje?

Barua yangu ya kuacha kazi niliiandika usiku, nikaiprinti asubuhi kwenye steshenari moja ya Ngarenaro, na saa mbili na nusu ilikuwa mezani kwa bosi. Maandalizi yangu yote yaliishia hapo steshenari. Notisi nilijua ni siku 28, nikaziona kama foleni ya Sakina jioni: inachosha, lakini inasogea. Haikusogea.

Nilikuwa mtu wa bukingi, wa kupangia wageni safari, kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, na barua niliipeleka mwishoni mwa Machi. Aliyewahi kufanya kazi hizi keshacheka. Aprili na Mei ni masika; kambi nyingi za porini zinafungwa, magari yanaingia gereji, madereva wanakwenda makwao kuangalia mashamba. Msimu huo hata mwenye kazi yake hana kazi. Mimi nikajiongezea balaa: siku tatu za kwanza nikamkabidhi mwenzangu kila kitu, mafaili hadi nywila, kwa haraka ya mtu anayetua mzigo kichwani. Siku ya nne nikabaki na kiti, kalamu, na dirisha linaloangalia bati la jirani. Mvua ikipiga lile bati, hata simu ikiita husikii. Bahati nzuri haikuwa inaita.

Kwa hiyo haya ni ya kufikiria kabla, barua ikiwa bado iko kwenye simu yako.

Anza na kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28, na iwe kwa maandishi. Ukiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawasawa kwako na kwa mwajiri, kwa hiyo soma wa kwako, usimuulize wa meza ya pili. Kuna watakaokushauri utoe notisi "ya saa 24" ukalale nyumbani. Ina bei yake: ukikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yako ya mwisho kile ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Na yeye akitaka, anaweza kukulipa hizo siku na kukuaga mapema. Hili watu hawaliulizi, wanaona aibu. Mimi niliuliza wiki ya tatu. Bosi akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa: "Si ungesema mapema, dada? Sasa zimebaki siku nane, malizia tu."

Likizo nayo usiifanye maficho. Sheria haitaki notisi itolewe ukiwa likizoni, wala notisi na likizo ziende sambamba. Kama una siku zako, ama zichukue kwanza upumzike ndipo uandike barua, ama ziache zilipwe mwisho. Ushauri wangu ni uzichukue kwanza, hata kama hela inakuvuta. Ukiingia kwenye notisi umechoka, kukaa bure kunachosha mara mbili.

Halafu hesabu siku zenyewe kwa vidole. Notisi inayoanza tarehe 1 Aprili inakutana na Karume tarehe 7 na Muungano tarehe 26, na miaka mingi Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka nazo huangukia humo humo. Ukitoa na Jumapili, wiki nne zinabaki kama siku 20 za kukaa kwenye kiti. Ishirini mtu anaweza kuzipanga. Ishirini na nane zinatisha bure, hasa ukizitazama siku ya kwanza, saa tano asubuhi, umeshamaliza chai.

Sasa makabidhiano, na hapa ndipo ningemshika mtu mkono kama ningeweza. Usiyamalize wiki ya kwanza! Si kwa ubaya, wala si kwa kumficha mwenzako kitu. Kazi inayomaliziwa kwa siku tatu haijakabidhiwa, imetupwa tu juu ya meza ya mtu mwingine, na wewe unabaki mikono mitupu ukimwangalia anavyohangaika nayo.

Nililijua hilo wiki ya pili, binti aliyepokea meza yangu aliponijia na faili. "Dada, hawa wa Agosti mbona umeandika 'kama kawaida' tu?"

Nikaangalia. Kweli, kwa mwandiko wangu: dereva kama kawaida, chakula kama kawaida, chumba kama kawaida. Ni familia inayorudi kila baada ya miaka miwili, inakwenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kusubiri nyumbu wavuke mto Mara. Dereva wanamtaka yule yule. Mtoto wao wa pili karanga hagusi, hata mafuta yake. Bibi hataki hema lililo karibu na maji, kwa sababu safari ya kwanza viboko walikoroma usiku kucha na asubuhi akagoma kupanda gari. Hayo yote yalikuwa ndani ya maneno mawili, na maneno hayo aliyeweza kuyasoma ni mtu mmoja, naye alikuwa anaondoka.

Nikanunua daftari la kurasa 96, nikaanza kuandika. Lodji ipi inapokea simu baada ya saa mbili usiku na ipi ujitahidi kabla ya saa kumi. Mgeni yupi ukimwandikia barua pepe ndefu anakasirika. Nikamwandikia na vile vitu ambavyo mwenyewe nilivijua kwa kuumia: kwamba kibali cha hifadhi ya Serengeti kinahesabiwa saa 24 tangu kuingia, kwa hiyo gari likipita lango la Naabi saa nane mchana linatakiwa liwe limetoka kesho yake kabla ya saa nane, na dereva akila chakula cha mchana taratibu, siku ya pili inalipiwa na ofisi. Haya hayamo kwenye mfumo wowote wa kompyuta. Nilijaza kurasa 40 na ushee. Siku zile ndizo pekee ambazo sikuangalia saa ya ukutani.

Ndiyo maana nasema lianzishe hilo daftari kabla ya barua. Wiki mbili kabla, kila unapofanya jambo bila kulifikiria, liandike pembeni: hilo ndilo la kukabidhi. Kisha gawanya. Ofisini kwetu ingekuwa wageni wa Juni wiki ya kwanza, wa Julai na Agosti wiki ya pili, mambo ya malipo wiki ya tatu, na wiki ya mwisho mwenzako afanye peke yake, wewe ukae karibu ujibu maswali. Mgawanyo huo uweke ndani ya barua yenyewe, aya moja tu. Bosi akiusoma atakubali au atarekebisha, lakini hutakuwa mtu wa kuzungushwa ofisini ukipewa kazi ya kupanga makabati. Mimi niliyapanga. Mara mbili. Mara ya pili niliyarudisha yalivyokuwa.

Kuna jambo jingine sikulitarajia, nalo ni watu. Mlinzi wetu, mtu mwema kabisa, kila asubuhi akifungua geti alikuwa anasema: "Dada, kumbe bado upo?" Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tisa niliingia nikiwa nimeangalia chini. Hakuwa na nia mbaya, ni salamu tu. Lakini ukiwa kwenye notisi maneno hayo yanapata uzito, kwa sababu na wewe unajiuliza hivyo hivyo. Andaa jibu fupi la kurudia bila kufikiri. La kwangu lilikuja kuwa "Nipo nipo, kaka, bado nakula pilau lenu", na likatosha.

Kundi la WhatsApp la ofisi ndilo lilinichoma zaidi. Siku ya pili tu, saa nne asubuhi, nikiwa mezani kwangu, nikatolewa. Nikamsikia mwenzangu nyuma yangu anacheka picha iliyotumwa mle, nikageuka, akafunga simu. Nilijua ni sawa. Mambo ya kampuni si yangu tena. Ila kama unawahitaji watu wa lodji, mafundi, wenzako wa ofisi nyingine, uwe na namba zao kwa jina lako kabla ya barua, na uwe umezoeana nao kama watu. Namba za wageni usiziguse. Orodha ya wateja, nakala za pasipoti, barua pepe zao, acha zilivyo. Ni mali ya kazi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, kubeba nakala ya pasipoti ya mtu kwenye simu yako ni kujitafutia kesi. Kuboreka kuna tabia ya kukuambia "hebu nipange mafaili yangu", na ndani ya kupanga huko ndimo watu wanajikuta wamejitumia visivyo vyao.

Unakokwenda usikutangaze. Kila mtu atakuuliza, na mchana mrefu unafungua mdomo. Mimi nilimwambia mmoja tu, pale kwenye chai. Jioni dereva mzee alinipigia kutoka Mto wa Mbu kunipongeza.

Chai yenyewe iwekee bajeti, sikutanii. Chai ya saa nne kwangu iligeuka ya saa nne, ya saa tano na robo, na ya saa saba. Mama wa maandazi alikuwa ananiona anatoa mfuko kabla sijasema. Mtu asiye na kazi mezani anakula kwa sababu kula ni safari ya dakika kumi, na kwa mwezi ambao ndio mshahara wa mwisho, maandazi matatu na sambusa mbili kila siku si jambo dogo.

Kilichoniokoa saa ya mchana ni miguu. Ofisi haikuwa mbali na Mnara wa Saa, ule tuliozoea kuwaambia wageni kuwa ni katikati ya Cairo na Cape Town. Siku ya 14 nilisimama pale na mwavuli nikajicheka, maana na mimi nilikuwa katikati yangu. Kutoka hapo ukipanda Barabara ya Boma unafika kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Siku nyingine nikaenda Makumbusho ya Azimio, karibu na Mnara wa Mwenge, kwenye ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967. Miaka sita nilikuwa naliandika jina hilo kwenye ratiba za watu na sijawahi kukanyaga mlangoni. Tafuta vya aina hiyo kwenye mji wako, viwili vitatu, viwe karibu, vya kumalizika ndani ya saa moja. Aliye Moshi anajua mwenyewe njia yenye kivuli kuzunguka Shanty Town. Na urudi kwa wakati. Kuchelewa kwenye notisi kunasemwa kuliko kuchelewa kwingine.

Mambo ya pesa yanachosha kuyaandika, lakini yanajaza saa vizuri kuliko simu. Chukua taarifa yako ya michango ya NSSF ukiwa bado unaweza kutembea hatua kumi hadi kwa mhasibu. Mimi nilikuta miezi miwili haionekani, na kuifuatilia kulinipa shughuli ya siku nne nzima, nikashukuru kwa namna ya ajabu. Fao la kukosa ajira usilipigie hesabu kama umeandika barua mwenyewe. Kiinua mgongo cha kisheria vile vile, zile siku 7 za mshahara kwa kila mwaka hadi miaka 10, kimewekwa kwa anayeachishwa na mwajiri. Mimi nilikuwa nimeshakinunulia friji kichwani. Siku za likizo ambazo hukuzichukua hizo ni zako, ziorodheshe na mhasibu azisaini. Kadi ya bima inayolipiwa na mwajiri ina mwisho, kwa hiyo jino na macho yashughulikie ndani ya wiki hizi. Deni la Bodi ya Mikopo halikai kwenye kile kiti, utahama nalo. Na kama kodi ya nyumba unalipa miezi sita sita, angalia inaangukia lini kabla hujachagua tarehe ya barua.

Malipo ya mwisho yakikwama, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na madai ya aina hiyo yanatakiwa yafike ndani ya siku 60. Weka tarehe hiyo mahali, hata kama unaona bosi wako ni mtu wa Mungu.

Mwisho omba cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Kiombe wiki ya tatu, wakati anayesaini bado yuko mjini. Changu kilikwama kwa sababu mwenye mhuri alikwenda Karatu. Nilikifuata Mei kwa kifodi, hizi daladala zetu ndogo, kilichojaa maji sakafuni, nikakikuta na jina langu limekosewa herufi moja. Nilikuwa nimeshafika soko la Kilombero, hapa hapa mjini, nilipoliona. Kisome ukiwa bado ndani ya geti.