Huyu Nilishawasiliana Naye? Namna ya kuiamini rangi kwenye WSJT-X

Nilipoanza FT8, aina ya mawasiliano ya redio ya ridhaa ambayo kompyuta hutumiana ujumbe mfupi, nilikuwa na kaunta buku pembeni ya kibodi. Kila QSO (mawasiliano kamili na kituo kimoja) ikiisha naandika kolsaini (jina la kituo hewani), bendi (eneo la masafa) na saa, kama nilivyozoea kwenye CW (Morse). Jioni mbili zilitosha kunionyesha kwamba najisumbua bure. Mrusho mmoja wa FT8 huchukua sekunde 12.64 ndani ya zamu ya sekunde 15. Mpaka programu imalize kusoma kilichoingia, umebakiwa na sekunde moja na ushee uamue umwite nani kati ya mistari ishirini iliyomwagika kwenye skrini. Nani atapekua kurasa kwa muda huo? Nikawa nawaita watu wale wale wa jana, nao kwa upole wananijibu.

Kazi hiyo ya kujua nani ulishampata inafanywa na rangi za WSJT-X, programu ya kompyuta tunayotumia kwa FT8. Watu wengi wanazo na hawaziamini, na mara nyingi wana haki, maana rangi inasema kweli pale tu faili lililo nyuma yake linaposema kweli. Kwa hiyo tuanze na faili.

Fungua menyu ya "File", bofya "Open log directory". Ndani ya folda utaona mafaili mawili yanayofanana majina: wsjtx.log na wsjtx_log.adi. La kwanza ni la kusomeka kwa macho tu. Hilo la pili, lenye .adi (muundo wa logi uitwao ADIF), ndilo programu inalolisoma kujua kama kituo ulishakipata. Lifungue kwa Notepad au kihariri chochote cha maandishi ya kawaida. Juu kabisa kuna mstari unaoishia na <eoh>, huo usiuguse. Chini yake kila QSO ina mstari wake, mfano:

<call:4>W1AW <gridsquare:4>FN31 <mode:3>FT8 <rst_sent:3>-12 <rst_rcvd:3>-08 <qso_date:8>20240316 <time_on:6>184215 <band:3>20m <freq:9>14.075312 <eor>

Namba inayofuata nukta mbili ni idadi ya herufi zitakazosomwa. W1AW ni herufi nne, ndiyo maana ni call:4. Saa ni ya UTC. Kumbuka hiyo habari ya idadi, nitairudia.

Sasa mipangilio. Kwenye "Settings", kichupo cha "General", weka tiki kwenye "Show DXCC, grid, and worked-before status" (DXCC ni orodha ya nchi za redio, grid ni mraba wa ramani). Bila tiki hiyo, mengine yote ninayoeleza hapa ni kelele. Kisha nenda kichupo cha "Colors". Hapo kuna orodha ndefu: nchi mpya, nchi mpya kwenye bendi hii, gridi mpya, kolsaini mpya, kolsaini mpya kwenye bendi hii, na kadhalika. Kila kipengele kina tiki yake, rangi unaibadilisha kwa kubofya kulia, na mpangilio unaubadilisha kwa kukivuta juu au chini. Kilicho juu ndicho chenye nguvu: mstari ukistahili rangi mbili, cha juu kinashinda.

Kosa la kila mgeni ni kuweka tiki kila mahali. Skrini inakuwa kama khanga za dukani, na jicho halijui lishike lipi. Mimi nimebakiza vinne: kolsaini yangu ikitajwa, nchi mpya, nchi mpya kwenye bendi, na kolsaini mpya kwenye bendi. Hata ile kijani ya CQ (mwito kwa yeyote) nimeitoa. Matokeo yake, anayeita CQ ambaye nilishampata kwenye bendi hii anabaki mweupe, na mweupe maana yake mpite. Gridi nimeiacha kwa sababu siwindi gridi. Wewe ukiwa unaziwinda, ipandishe juu.

Chini ya orodha kuna kisanduku cha "Highlight by Mode". Ukikiwekea tiki, kituo ulichokipata kwa FT8 kitahesabika kipya ukienda FT4, aina nyingine inayofanana na FT8. Wapo wanaohesabu hivyo. Mimi sihesabu, nimekiacha wazi.

Pembeni pana kitufe cha "Rescan ADIF Log". Kila ukigusa faili kwa mkono, kibofye, programu isome upya na kukutajia imepata rekodi ngapi. Ile hesabu itazame. Kama unajua una QSO elfu mbili na yenyewe inakutajia mia tatu, rangi zako zinakudanganya.

Zinadanganya kwa njia kadhaa, na nyingi nimezipitia mwenyewe.

Njia ya kwanza ni dirisha la kuhifadhi. Kwenye kichupo cha "Reporting" kuna "Prompt me to log QSO". Ukiwa na tiki hapo, dirisha linachomoza QSO inapofikia RR73 au 73, yaani ujumbe wa kufunga mawasiliano. Lakini QSO haiandikwi mpaka ubofye OK. Ukilifunga kwa haraka uwahi mwingine, yule aliyepita hajawahi kuwapo. Ukibofya OK, rangi yake inabadilika papo hapo, huhitaji kufunga na kufungua programu.

Ya pili ilinigharimu wiki mbili nzima. Redio yangu ya wakati huo haikuwa imeunganishwa na kompyuta kwa CAT, njia ya kompyuta kusoma masafa ya redio; sauti tu ndiyo iliyopita. Nikahamia bendi ya mita 15 kwa kuzungusha kitufe cha redio, na kwenye programu nikasahau kubadilisha, ikabaki 14.074, masafa ya mita 20. Programu haina macho, inaandika unachoiambia. QSO zote zikaingia kama mita 20, na niliporudi mita 20 kweli, nikawa napita watu ambao kwenye bendi hiyo sijawapata hata mara moja. Dawa ilikuwa kufunga WSJT-X, kunakili faili mahali salama, halafu kwa zile tarehe tu kubadili 20m kuwa 15m na 14.07 kuwa 21.07. Hapo idadi ya herufi haikubadilika. Ingekuwa ni kwenda mita 6, ningelazimika kuandika <band:2>6m, la sivyo msomaji wa faili angemeza herufi ya jirani.

Ya tatu ni kuwa na logi (daftari za QSO) mbili zisizojuana. Ukianzisha WSJT-X kwa --rig-name, kwa mfano kwa sababu una redio mbili, kila jina linapata folda yake na wsjtx_log.adi yake. JTDX, programu nyingine ya FT8, nayo ina folda yake. Ulichofanya huku, kule hakijulikani. Vivyo hivyo QSO za sauti au CW ulizoandika kwenye programu nyingine ya logi: WSJT-X haina habari nazo, na nchi uliyoipata kwa sauti zamani itakuwakia kama mpya.

Hapo ninachofanya ni hiki. Ile logi kubwa, yenye kila kitu, naitoa kama ADIF. Nafunga WSJT-X, faili la zamani nalibadilisha jina liwe la tarehe ya leo, silifuti. Faili jipya nalipa jina lile lile, wsjtx_log.adi, naliweka kwenye folda, naifungua programu na kutazama idadi ya rekodi. Ukihamia kompyuta nyingine, mchezo ni huo huo.

Wenye Windows wana JTAlert pia, inayoandika B4 kwa kituo ulichokwisha kukipata, na GridTracker inakuchorea ramani. Zote hupokea taarifa kutoka WSJT-X kwa UDP (njia ya programu kupashana habari), kwa kawaida mlango 2237. Ni nzuri, ila nazo zinategemea logi unayozipa.

Jambo moja zaidi. Mweupe nampita mimi ninapochagua. Yeye akiniita, namjibu. Kuna kituo kiliniita siku tatu mfululizo kwenye mita 40, nami nikawa nakipuuza kwa sababu kwangu kilishaandikwa. Siku ya tatu nikarudi kuangalia mistari ya siku ile ya kwanza: nilituma RR73, dirisha likachomoza, nikabofya OK, na yeye akaendelea kurudia R-17 (ripoti yake ya nguvu ya mawimbi yangu) mara nne. RR73 yangu haikumfikia. Kwangu alikuwa rangi nyeupe, kwake mimi sikuwapo. Nikamjibu, safari hii nikangoja 73 yake ndipo nikabofya.